Uliza Ujibiwe: Vita ndani ya kompyuta, na nyavu za baba mdogo

Wasomaji wangu wa Mwanza na kando zote za ziwa, mwezi huu nilikusudia kujibu maswali yenu ya hesabu za mikopo kama nilivyoahidi. Yatasubiri toleo lijalo, mniwie radhi. Zimenifikia barua nne zinazogusana, zote zikiuliza kuhusu wataalamu wanaotumia kompyuta kuchunguza namna viongozi wa nchi wanavyofikia uamuzi pale mataifa yanapogombana. Nimefundisha hisabati na kompyuta kwa miaka thelathini, na jambo hili limekuwa moyoni mwangu tangu nikiwa mtoto wa Kirumba. Sikuweza kuziweka kando.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Ilemela, nasoma Historia, Jiografia na Uchumi. Mwalimu wetu wa historia alisema mataifa makubwa hupigana kwanza kwenye kompyuta kabla ya kupigana kweli. Bwenini tulibishana mpaka taa zikazimwa. Wenzangu wanasema hiyo ni ramli tu. Je, kompyuta ingeweza kutabiri Vita vya Kagera?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wenu hakukosea, ila neno "kupigana" ndilo limewapoteza. Kinachoigizwa hasa ni uamuzi. Unajenga ndani ya kompyuta pande mbili au zaidi. Kila upande unaupa shabaha yake, silaha zake, mfuko wake, yale unayoyajua kuhusu mwenzake na yale usiyoyajua. Halafu unaandika kanuni: upande huu ukiona hivi, hufanya vile. Unabonyeza, unatazama. Unabadilisha kitu kimoja, unabonyeza tena, hata mara elfu. Wengi huita simulesheni. Mimi darasani nasema mwigo.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta zenyewe. Mwingereza Lewis Fry Richardson, muumini wa Quaker ambaye imani yake ilimkataza kubeba bunduki, aliendesha gari la majeruhi Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiye aliyejaribu kukokotoa hali ya hewa kwa kalamu na karatasi, akatoa kitabu mwaka 1922. Kisha njia ileile akaigeuzia vita: nchi huongeza silaha ikiona jirani anaongeza, gharama huirudisha nyuma, na kinyongo cha zamani huisukuma mbele hata kama jirani hajafanya kitu. Mistari miwili tu ya hesabu, lakini inaonyesha jinsi watu wawili wanaoogopana wanavyoweza kufika pabaya bila yeyote kati yao kupataka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Harold Guetzkow wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, aliwaketisha watu halisi wawe viongozi wa nchi za kubuni, huku hesabu za uchumi na silaha zikipigwa pembeni kwa kanuni maalumu. Mwaka 1967 Charles na Margaret Hermann wakachapisha jaribio la kuigiza mgogoro wa 1914 uliozaa Vita Kuu. Walibadilisha majina ya nchi na ya viongozi ili washiriki wasicheze kwa kukariri. Ninyi wa bwenini mnaelewa kwa nini. Mtu akisikia Sarajevo tu, mji ambako mgogoro ule ulianzia, tayari anajua mwisho, na uamuzi wake hauna thamani tena.

Sasa Kagera. Mwishoni mwa Machi 1979 nilikuwa na miaka kumi. Kanali Gaddafi alikuwa amemtaka Mwalimu Nyerere aondoe majeshi yake Uganda, la sivyo Libya ingeingia vitani upande wa Amin. Mwalimu akakataa hadharani. Ndipo ndege ya vita ya Libya ikaja kupiga Mwanza. Naukumbuka mlio kuliko ndege yenyewe. Mama alitusukuma watoto wanne kwenye mwanya wa mawe nyuma ya nyumba, yale majabali yetu, akatufunika na khanga moja na kutuziba midomo kana kwamba rubani angetusikia. Mabomu yalikosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera, redio ilitupa maneno ya Mwalimu Nyerere ambayo kila Mtanzania wa rika langu anayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Nilipoanza kusoma hesabu za migogoro, nikiwa mtu mzima, nilishtuka. Hotuba ile ilikuwa imetaja vigezo vitatu ambavyo kila anayejenga mwigo wa vita lazima avipe nafasi.

Vitazame kimoja kimoja. Uwezo unahesabika: askari, malori, mafuta, madaraja. Sababu hubishaniwa, lakini husikika, kwa kuwa kila upande huitangaza. Nia haionekani. Amin alipaswa kuikisia, na alikuwa na kumbukumbu ya kumdanganya. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutokea kwetu, wakashindwa, na ugomvi ukamalizwa mezani kwa makubaliano ya Mogadishu. Mtu angeweza kusoma pale kwamba Dar es Salaam ikibanwa huja mezani. Ukijenga mwigo wa 1978 ukaipa Tanzania nia ndogo, Amin anapata ardhi kwa bei rahisi. Ukiipandisha nia, uwezo ukibaki uleule, anapoteza Kampala. Gaddafi naye alitishia akidhani nia yetu ni ya kukatika kwa kitisho. Mimi nilikuwa chini ya khanga, sikujua lolote, lakini mama yangu angeweza kumwambia.

Kwa hiyo jibu lako: mwigo usingekupa tarehe, na mtu akikuambia ungekupa, mkimbie. Ungeweza kukuonyesha kwamba mambo yote yaliegemea kwenye kitu kimoja kilichokuwa kinakisiwa gizani. Na hapa si kama hali ya hewa ya Richardson: wingu halisikilizi redio. Rais anasikiliza. Ukimtabiria vita, utabiri wenyewe huingia vichwani mwa pande zote mbili na kubadilisha kile ulichokuwa unakitabiri.

Mwangaluka Mwalimu. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, wateja wangu wengi ni wa Kongo, wanachukua kwa magunia. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni anasoma kompyuta. Laptop nilimnunulia kwa mkopo wa kikundi na bado nalipa. Nilitegemea mradi wake wa kumalizia uwe mfumo wa kunisaidia hesabu za mzigo. Sasa ananiambia anafanya "migogoro ya mataifa", nchi zinagombana ndani ya kompyuta. Mwalimu, si anapoteza muda huyu? Na hiyo laptop itatosha, au kesho atataka nyingine?

Mwangaluka mayu. Nianze na kinachokukosesha usingizi: laptop itatosha. Ipo programu ya kujengea mwigo inaitwa NetLogo, imetoka hukohuko Northwestern nilikokutaja juu, na haina malipo. Akishaipakua haihitaji bando. Asikudai mashine mpya kwa ajili ya kazi hii.

Hapotezi muda, ila namwomba asianzie Marekani na Urusi. Aanzie mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Nitakueleza kwa nini, na hapa nitachukua nafasi kidogo, nivumilie.

Mwaka 1997 baba yangu mdogo alikuwa na mitumbwi miwili ya sangara, upande wa Ukerewe. Sitautaja mwalo wake wala mwalo wa jirani, maana wenyewe wapo na walishapatana. Nyavu zilitegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Asubuhi moja wakakuta patupu. Nyavu mpya, za mkopo, hazipo. Upepo ulivuma usiku, lakini nani atamlaumu upepo wakati mwalo wa jirani upo palepale na mtu mmoja wa kule alionekana jana akiuliza bei ya nyavu? Wiki ileile nyavu za jirani zikakatwa. Siwezi kusema baba mdogo hakujua. Jirani naye akajibu, injini ikatupwa majini. Wakajibu. Miezi mitatu watoto wa mwalo mmoja hawakupita njia ya mwalo wa pili kwenda shule.

Halafu magugu maji yakasogea. Unayajua yalivyokuwa miaka ile, yamefunga ghuba nzima kama zulia. Upepo ulipoyasukuma kutoka pembe moja ya ghuba, wavulana wakaona maboya yamenasa kwenye mizizi. Maboya ya kandambili, mekundu na ya buluu, kila moja lina tundu la alama ambayo baba mdogo alikuwa anaipiga kwa msumari wa moto. Nyavu zote. Hakuna aliyeziiba. Nilimwona ameshika boya moja, analigeuza, analigeuza, hasemi.

Miaka iliyofuata nikawapa wanafunzi wangu ugomvi ule wauingize kwenye kompyuta. Mialo miwili, usiku 200. Kila usiku kila mwalo unachagua: kuheshimu nyavu za mwenzake au kuziingilia. Wote wakiheshimu, kila mmoja anapata pointi 3. Mmoja akiingilia na mwenzake akaheshimu, mwingiliaji anapata 5, mwenzake 0. Wakiingiliana wote, 1 kwa 1. Pointi hizi sikuzitunga mimi. Ndizo alizotumia Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan alipoita mashindano ya programu, mwishoni mwa miaka ya 1970, ili kujua watu wenye kujali maslahi yao wanawezaje kushirikiana bila mkubwa wa kuwasimamia. Na mataifa, mayu, ndivyo yalivyo: hayana mkubwa wa kuyasimamia. Wataalamu 14 walituma programu zao mara ya kwanza, nyingine ndefu na za hila nyingi. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Toronto: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kile alichokutendea mara iliyopita. Basi. Mara ya pili wakaja 62, wote wakijua nani alishinda na kwa nini. Ikashinda tena.

Tukaipa mialo yetu yote miwili kanuni hiyo. Bila tatizo lolote, usiku 200, kila mwalo unapata 600. Amani tupu. Nikawaambia wanafunzi: sasa tuleteni upepo. Usiku wa 20 mwalo wa kwanza umeheshimu, lakini mwalo wa pili umeona vingine, umeona nyavu hazipo. Kosa moja tu la macho katika usiku 200.

Usiku wa 21 mwalo wa pili unalipiza. Wa kwanza hauelewi, ulikuwa umetulia. Usiku wa 22 wa kwanza unalipiza, na wa pili, kwa kufuata kanuni yake, umerudi kwenye heshima. Usiku wa 23 wa pili unalipiza. Leo wewe, kesho mimi, mpaka usiku wa 200. Kila upande una uhakika kwamba mwenzake ndiye aliyeanza, na kila upande ukitazama usiku wa jana unaona ushahidi. Mwisho wa hesabu, 510 kila mmoja. Tukaongeza kosa la pili usiku wa 60: mwalo wa kwanza ukaona vibaya usiku ambao wa pili umeheshimu. Kuanzia usiku wa 61 wote wawili wanaingiliana kila siku, hakuna hata usiku mmoja wa kupumua. Wakamaliza na 300. Nusu kamili ya walichokuwa nacho, kwa makosa mawili ya macho na bila mwizi hata mmoja.

Darasa lilikuwa kimya. Mwanafunzi mmoja, binti wa mvuvi wa Kayenze, akasema: "Mwalimu, wapewe kusamehe." Tukaandika: ukitendewa ubaya, mara moja kati ya tatu usilipize, kompyuta ichague yenyewe kwa bahati nasibu. Tukabonyeza. Mara nyingi ugomvi ukazimika ndani ya siku tatu nne. Baadaye niliwaonyesha kwamba wanahisabati wamekwishakokotoa kiasi hicho, na kwa pointi hizi ni hiyohiyo theluthi moja. Ukisamehe zaidi ya hapo, asiye na nia njema ataanza kukula. Yeye aliipata kwa kukisia tu, lakini si kwa bahati. Amekulia mwaloni.

Mwambie kijana wako akishaona hilo kwa macho yake ndipo apande ngazi. Ziwa letu limegawanywa kwa nchi tatu, sisi karibu nusu, Uganda zaidi kidogo ya asilimia 40, Kenya kama asilimia 6, na mpaka wenyewe ni mstari juu ya maji ambao sangara hauoni. Kisiwa cha Migingo, jiwe ambalo halijai hata uwanja wa mpira, kiliwagombanisha Kenya na Uganda mwaka 2009 mpaka wapimaji wakatumwa ziwani. Aweke nchi tatu, doria, wavuvi wanaofuata samaki, taarifa zinazochelewa kufika makao makuu, na mle ndani ajaribu kuingiza au kuondoa chombo cha kuzungumzia kama lile shirika la uvuvi lililoanzishwa na nchi hizo tatu 1994, lenye makao Jinja. Swali la mradi liwe: taarifa ikichelewa siku moja, siku tatu, siku saba, nani hulipiza na kwa kiasi gani? Hilo ni swali la mataifa, na anaweza kulijibu bila kuondoka Mwanza.

Na kabla hajaandika mstari wa kwanza, akae na wewe jioni moja. Mteja wa Kongo aliyechelewesha hela mara moja unampa mzigo tena? Aliyechelewesha mara mbili je? Unajuaje huyu ana nia mbaya na yule amekwama barabarani? Unazo kanuni kichwani ulizozilipia kwa fedha yako. Aziandike. Akimaliza, mfumo wa hesabu za mzigo utakuwa kazi ya likizo moja kwake.

Mwalimu habari za kazi. Naendesha bodaboda Nyegezi, nasoma sana kwenye simu. Sasa kuna akili mnemba inayojibu kila kitu. Kwa nini viongozi wasiiulize yenyewe wakati wa mgogoro, maana haina hasira wala kabila?

Nzuri kijana wangu. Limejaribiwa. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichukua mifumo mitano ya aina hiyo wakaipa uongozi wa nchi nane za kubuni, kisha wakafuatilia maamuzi yake siku baada ya siku. Yote ilionyesha tabia ya kupandisha ugomvi, kwa namna ngumu kutabirika, na mara chache ikafika kwenye silaha za nyuklia. Haina hasira, ni kweli. Lakini imelelewa na maandishi yetu sisi, na sisi kuhusu vita tumeandika zaidi habari za walioshambulia kuliko za waliojizuia. Usiku ambao mkubwa fulani aliamua kutofanya kitu, nani aliuandikia kitabu? Kuiuliza ili upate mawazo, sawa. Kuiachia uamuzi, mimi nakataa, na nitakataa hata ikija nyingine bora zaidi, mpaka atakayebeba lawama ya uamuzi huo aonekane ana jina na nyumba.

Mwalimu, mimi ni mzee mstaafu wa jeshi, niko Magu. Nilivuka Mto Kagera tukiwa vijana, kwenye daraja la kuelea, na nikafika mbali huko mbele. Nimesoma habari za hiyo vita ya kompyuta na inaniuma. Mtu hajanyeshewa siku tatu, hajala, hajui mwenzake aliyekuwa kushoto kwake yuko wapi, halafu anakaa ofisini na kusema ameiigiza vita. Mashine itajuaje hofu?

Shikamoo mzee wangu. Haijui. Na kwa heshima ya mto huo sitakupamba maneno.

Nikueleze tu kwamba waliosahau unachokisema waliumbuka. Mwaka 2002 Wamarekani waliendesha mwigo mkubwa, kompyuta zikichanganywa na askari halisi. Upande wa adui aliwekwa jenerali mstaafu wa wanamaji, Paul Van Riper, aliyepigana Vietnam. Walitarajia atumie redio ili wazidukue. Akatuma ujumbe kwa pikipiki. Kwa kupiga ghafla akazamisha, ndani ya mwigo, meli 16, ikiwemo ya kubebea ndege. Wasimamizi wakazirudisha meli juu ya maji, wakambana kwa masharti mapya mpaka akajiondoa kwenye nafasi yake. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba siku ile mwigo ulifanya kazi yake vizuri kabisa, ulioharibika ni usikivu. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1964 maofisa wakubwa wa Washington waliigiza vita vya Vietnam wakaona kwamba mabomu peke yake hayatamvunja moyo adui. Mwaka 1965 wakaanza kupiga mabomu mfululizo. Nia ya upande wa pili, mzee wangu. Walikuwa na hesabu zote za uwezo.

Hofu nayo ina pande mbili. Tarehe 9 Novemba 1979, mwaka uleule vita vyenu vilipokwisha, kompyuta za ulinzi wa anga za Marekani zilionyesha makombora ya Kisovieti yanakuja kwa wingi. Kilichokuwa kimeingia kwenye mitambo ni data za mazoezi. Mwigo ulionekana vita. Waliokuwa zamu wakauliza rada na setilaiti, na rada hazikuona kitu. Miaka minne baadaye, Septemba 26, 1983, ofisa wa Kisovieti Stanislav Petrov aliambiwa na mashine yake kwamba makombora matano yametoka Marekani. Lilikuwa jua limemulika mawingu ya juu. Akaketi na simu mkononi, akaamua ni kosa la mashine, kwa sababu aliona hakuna mtu anayeanza vita ya namna ile kwa makombora matano tu. Aliogopa, bila shaka aliogopa. Lakini alijiuliza mtu wa upande wa pili anataka nini. Hakuna programu iliyomwambia ajiulize hivyo.

Kwa hiyo mimi sitaki mwigo uchukue nafasi ya mtu kama wewe. Nataka mtu kama wewe aketi mle ndani ya mwigo, kwa sababu wanafunzi wangu wanaweka namba ya hofu kwa kukisia, wanaandika 0.3 au 0.5, na hawana wa kumuuliza. Nina ombi, na ukikubali nitalileta darasani bila kutaja jina lako. Usiku mmoja kabla ya kuvuka, mliambiwa nini kuhusu waliokuwa ng'ambo? Mliamini wangapi, wana nini, wako tayari kufa au watakimbia? Na mlipofika ng'ambo mkakuta nini? Niandikie hata ukurasa mmoja. Kama macho yanasumbua, mwambie mjukuu aandike wewe ukisema, na asikusahihishe.